Jiko Chini ya Turubai

Ilisemwa kwamba mama wa nyumba ya kona alitoka kuanika nguo, akakanyaga kibaraza cha mlango wake, na zege likafunguka likammeza mpaka kiunoni. Habari hiyo niliipata dukani nilikokwenda kununua sabuni. Muuza duka alinieleza huku akijipima kwa mkono pale mkanda unapopita. Aliyekuwa nyuma yangu akasema si kiunoni, ni kifuani. Nilirudi nyumbani bila sabuni.

Nyumba za mtaa wetu zote zilijengwa wakati mmoja, juu ya udongo uleule wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, udongo huo unanata kwenye viatu mpaka mtu anaongezeka urefu. Jua likikaza, unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Na kwetu kuna baridi ya kweli. Miezi ya baridi, ukifungua mlango asubuhi unakuta maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu na majani yote meupe. Kwa hiyo lililomkuta mama wa kona lingeweza kutukuta na sisi.

Mimi si kitu. Tatizo lilikuwa binti yangu, kifungua mimba wangu. Pikipiki ilimgonga, akawekewa chuma pajani, na baada ya wiki mbili alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani kwa magongo mawili. Daktari alituambia waziwazi: akianguka kabla mfupa haujashika, tunaanza upya. Mlango wa nyuma una ngazi tatu nyembamba kama rafu za kabati, hauwezi. Na yeye alishasema akiwa palepale kitandani, "Mama, mimi naingia kwa mlango wa mbele, kwa miguu yangu. Sibebwi kama gunia."

Sasa huo mlango wa mbele. Kibaraza chake kilikuwa kimeinamia ukutani, kona moja imeshuka vidole vitatu, na ufa umepita katikati. Juu yake nilikuwa nimetandika mkeka, nikauzoea.

"Kibaraza hicho kilikuwepo kabla wewe hujaanza kuogopa," aliniambia baba yao nilipomweleza habari za dukani.

"Basi ni kikongwe," nikamjibu, "maana mimi nimeanza kuogopa tangu nilipokuzalia."

Alicheka, lakini nilimwona siku ile anatoka ndani akiruka ile kona.

Sikupata raha mpaka nilipokwenda mwenyewe nyumba ya kona. Nilimkuta huyo aliyemezwa anapepeta mchele, mzima kabisa. Alinionyesha. Kona ya kibaraza ilikuwa imevunjika na mguu wake ukazama mpaka kwenye kifundo, basi. "Kilichozikwa ni kandambili ya kushoto," alisema, "na nimeshaanza kuisahau."

Mtu mwingine angepumua. Mimi nilizidi. Nililitazama lile shimo, nikaona ni dogo, halipiti hata kikombe. Mtu mwenye miguu miwili mizima anachomoa mguu anakwenda zake. Lakini ulikuwa upana uleule wa ncha ya gongo. Nikamwomba anielekeze kwa fundi wake.

Fundi huyo mtaani anaitwa Fundi Kesho, na ukimwita hivyo anaitika. Alifika, hakusalimia kibaraza kwa maneno, alichuchumaa akaanza kukigonga kwa nyundo ndogo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ngo, ngo, ngo. Alipofika kwenye kona sauti ikabadilika, ikawa ndu.

"Umesikia, mama? Hapa unapiga hodi hakuna mtu."

Akatueleza, mimi na baba yao na wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye tunakaa naye. Alisema udongo huu ni mnywaji. Ukinywa maji unavimba na kuinua zege. Baridi ikiingia, maji yaliyomo yanaganda, unainua tena. Kiangazi unakauka, unasinyaa, unashuka, na zege linabaki linaning'inia juu ya uwazi likimngoja wa kulikanyaga.

"Sasa nani anaunywesha?" aliuliza baba yao.

Fundi akaonyesha kwa nyundo bomba la mvua linaloshuka kutoka paani na kuishia kwenye ile kona. Kisha akaonyesha maua yangu yaliyopangwa ukutani. "Haya unayamwagilia, mama?"

"Asubuhi na jioni. Sijawahi kuruka siku," nilisema kwa fahari.

"Basi umekuwa ukimwagilia nyumba."

Wifi alicheka mpaka akaketi chini. "Wifi yangu ana mkono mzuri," alisema, "nyumba imeota na kuchipua!"

Baba yao aliuliza kama ufa haungeweza kuzibwa tu. "Kuzibwa unazibika, mzee," fundi alisema. "Nitaziba, utanisifu, halafu baridi ikikolea utanitukana. Chagua siku ya kunitukana."

Kikavunjwa. Nilipoona chini yake nilishika mdomo. Kulikuwa na pango ambalo paka angezalia. Fundi alichimba ule mfinyanzi akautoa wote kwa kina cha goti, akajaza kokoto, akazishindilia mpaka vikombe vikalia kabatini. Bomba la mvua akalirefusha likamwage mbali, chini kabisa ya uwanja. Maua yangu niliyahamisha mwenyewe.

Siku ya kumwaga zege alikataa kuanza asubuhi. Alichoma ardhi kwa msumari, akasema bado imeganda, na ardhi iliyoganda ikiyeyuka inashuka na kila kilicho juu yake. Alingoja mpaka jua likae katikati. Wifi alimwona anavyohangaika na koleo akamwambia, "Fundi, mbona zito hivyo? Ongeza maji lilainike, usivunjike mgongo."

"Nikitaka uji nitabisha hodi jikoni," alijibu, hata hakugeuka.

Alilisawazisha, akaweka pimamaji, akahakikisha linainama kidogo kutoka mlangoni, ili maji yajue njia ya kutokea. Kisha akalifunika kwa mablanketi manne ya zamani, na juu yake akavuta turubai mpaka kwenye fremu ya mlango wetu, akalikandamiza kwa matofali. Mpaka litakapofunuliwa, tungepita mlango wa nyuma.

"Sikiliza, mama," aliniambia. "Zege halikauki, linashika. Na likishika linatoa joto lake lenyewe. Blanketi haliliongezei joto, linalizuia lisitoroke. Likipoa kabla halijashika, limekufa. Msiguse kitu kwa siku saba. Kesho nitapita."

Limekufa. Katika maneno yote yale, mimi nilibaki na hilo moja.

Alasiri ilipofika nilitoka nikaingiza mkono chini ya blanketi, kama ninavyompima mtoto homa. Lilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Nikamwita wifi naye apime.

"Mh," alisema, "wifi, huyu mgonjwa ameshatutoka. Leta sanda."

Alikuwa ananitania. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshakwenda mbali, kilikuwa kinamwona binti yangu anaweka gongo na zege linaachia. Nikampigia fundi simu, haikupokewa. Nikapiga tena. Jua lilikuwa linateremka na baridi inashuka nalo. Basi nikachukua jiko langu la mkaa, nikawasha, makaa yalipokuwa mekundu nikafunua pembe ya turubai, nikaliweka juu ya matofali mawili kando ya ile kona, nikafunika tena. Nilikaa ndani, nyuma ya mlango, nikawa nazunguka nje kuongeza mkaa. Niliongeza mara mbili.

Kichwa kilianza kunigonga. Wifi naye akatoka chumbani anasema macho yanamzunguka, akafungua madirisha yote mawili akilaumu vitunguu nilivyokaanga mchana. Nashukuru kwamba hapendi harufu ya vitunguu. Sikujua siku ile kwamba moshi wa mkaa usioonekana ulikuwa unapita chini ya mlango na kutuingia taratibu. Baba yao aliporudi jioni aliuliza kwa nini sebule inanuka mkaa. Nikamwambia ni majirani. Nikaliondoa jiko, nikalisugua, nikajitia hamnazo.

Asubuhi yake Fundi Kesho alipita kweli. Aliingiza mkono upande wa pili, akatabasamu. "Lina joto lake. Safi sana." Mimi nikajisemea moyoni, joto lake wapi, ni langu. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Siku ya nane akaja kufunua. Ilikuwa Alhamisi, na binti alikuwa anatoka hospitali Jumamosi. Tulisimama wote. Aliondoa blanketi la mwisho, akapitisha kiganja juu ya zege, akakiangalia. Kilikuwa cheupe kama cha mtu anayekanda unga. Akapitisha tena. Unga ukazidi. Kwenye kona, uso wa zege ulikuwa na mipasuko midogomidogo kama utando wa buibui.

Alinusa vidole vyake. "Hapa alikuwa anapika nani?"

Wifi alinitazama mimi. Baba yao alimtazama wifi, halafu akanitazama mimi. Nilisema yote, na simu, na vitunguu, na majirani.

Fundi hakufoka. Afadhali angefoka. "Zege siku ya kwanza halina joto, mama. Linachelewa saa kadhaa ndipo linaanza. Ungelala tu, lingeamka lenyewe. Na moshi wa mkaa unakula uso wa zege bichi, haushiki tena, unabaki unga." Alikwaruza kwa msumari. "Chini ni zima. Uso ndio umekufa, unene wa ukucha. Nitausaga wote mpaka nifike palipo pagumu. Lakini hii kona moto umeibabua, naikata, namwaga upya. Wiki moja tena."

"Jumamosi binti anakuja," nilisema.

"Najua."

"Tutandike zulia," wifi alisema. "Lile la chumbani kwangu, zito. Nani ataona?"

Sitawaficha, nililitamani zulia hilo. Niliona kabisa binti yangu anapita juu yake, anaingia, sijaaibika mbele ya mtu. Nilikwenda mpaka chumbani kwa wifi, nikalikunja, nikaliinua begani. Nikasimama nalo. Chini yake kungekuwa na unga, na juu ya unga zulia linalotembea, na juu ya zulia magongo mawili na mguu mmoja. Nikalirudisha. Nikakaa kitandani kwa wifi, nikapiga simu hospitali.

"Mwanangu, usije Jumamosi."

"Kuna nini? Fundi amekwambia kesho?"

"Si fundi. Ni mimi. Nimeweka jiko la mkaa chini ya kibaraza... juu... kando yake, chini ya turubai. Ili kisipoe. Kimeharibika."

Nikasikia anavuta pumzi, nikajua analia. Hakuwa analia.

"Mama, umekaanga kibaraza?"

"Usicheke, utatonesha mguu."

"Nitakaa kwa mama mdogo," alisema alipotulia. "Kwake hakuna hata kizingiti. Lakini mama, nikija nataka nikute kigumu. Nimechoka kulala nikitazama dari."

Alikaa kwa mdogo wangu siku kumi. Kila siku nilikwenda kumwona kwa miguu, na nadhani fundi alishukuru, maana muda huo sikuwa karibu na turubai. Kona mpya iliposhika, alinipa nyundo nigonge mwenyewe. Ngo, ngo, ngo, mpaka mwisho. Nilirudia mara tatu. Aliniambia pia barafu ikikaa juu yake baridi hii ya kwanza nimwage mchanga, chumvi hapana, kwa sababu chumvi inamenya zege changa kama kiazi.

Binti alikuja mchana, jua limewaka. Nilimshika kiwiko tangu kwenye gari. Gongo la kushoto likapanda, mpira wake ukakamata. Gongo la kulia. Mguu. Alisimama katikati ya kibaraza, anapumua, anaangalia mlango.

"Mama, niachie mkono."

Nikauachia. Akaingia.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye watu wa kuwangoja nyumbani. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usiwashe jiko la mkaa chini ya turubai wala karibu na mlango uliofungwa. Zege litageuka unga, na walio ndani wanaweza kulala wasiamke.

Usimwage zege juu ya ardhi iliyoganda.

Usimwambie fundi aongeze maji ili kazi iwe nyepesi.

Usiache bomba la mvua liishie penye kona ya nyumba. Maua ya kumwagilia kila siku usiyapange ukutani.

Usizibe ufa kabla hujajua chini yake kuna nini.

Usitandike mkeka wala zulia juu ya kibaraza kibovu.

Chumvi usiimwage kwenye zege la mwaka wa kwanza.

Usiondoe mablanketi kabla ya siku ulizoambiwa, hata kama jua limewaka.

Ukishaharibu, usimfiche fundi.