Mikono Miwili ya Kulia

Alikuwa anaanika blauzi aliyoivaa kwenye usaili ndipo alipogundua alichokifanya. Aliibana mabegani kwa vibanio viwili, mikono ikaning'inia, wa kulia na wa kushoto, imetazamana kama watu wanaotaka kusalimiana. Akabaki ameshika kibanio cha tatu. Ile mikono aliyoikata asubuhi, kwenye meza ya kiwanda cha sare, haikutazamana. Yote miwili ilielekea upande mmoja, kama watu waliopanga foleni.

Nyumbani humwita Kimya, na jina limemkaa. Hata akijigonga kidole kwa nyundo hulalamika kwa macho tu. Akarudi ndani, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya shangazi yake, maji ya sabuni bado yanamchuruzika viwikoni.

Shangazi ndiye aliyemlea, akamfundisha kushona kabla chuo hakijampa cheti. Sasa macho ya shangazi yamechoka. Siku hizi hata sindano anatungiwa uzi na Kimya.

"Vipi tena? Mbona umekaa kama mzigo uliosahaulika stendi?"

"Nimekata mikono yote miwili ya kulia, shangazi."

Shangazi akasimamisha cherehani.

Kimya akasimulia, kidogo kidogo. Msimamizi, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwapa waombaji, kila mmoja, kipande cha kitambaa, chaki, mkasi na karatasi ya kukatia mkono wa shati. Kitambaa kingekuwa kipana angekikunja, akate mara moja, apate kulia na kushoto bila kuumiza kichwa. Kilikuwa chembamba. Ilibidi aweke karatasi, achore, aigeuze, achore tena. Hapo kwenye kuigeuza ndipo alipopitiwa. Alikuwa hajalala vizuri siku tatu. Huo ulikuwa usaili wa nne tangu amalize chuo. Katika ule wa tatu alijibu kwa sauti ndogo mpaka wakamwambia asante kabla hajamaliza. Safari hii alifurahi kusikia kwamba ni kazi ya mikono, si ya mdomo.

"Kitambaa kilikuwa na uso?" Shangazi aliuliza.

Hilo lilikuwa swali la fundi. Kitambaa ambacho ndani na nje ni sawa husamehe: unakigeuza kipande kimoja, mkono wa kulia unakuwa wa kushoto, mambo yanaisha. Chenye uso hakisamehe. Kimya akafumba macho, akajaribu kukumbuka. Vidole vilikumbuka ubaridi wa mkasi tu.

"Sijui, shangazi."

Kaka yake, fundi bomba, alikuwa mlangoni anavua viatu, na masikio yake hayajawahi kupitwa na neno.

"Kwa hiyo shati lina mikono miwili ya kulia? Si wampe mtu anayependa kusalimia."

"Kaka, niache."

"Mimi niliwahi kuunga bomba la maji moto kwenye choo. Mwenye nyumba mpaka leo ananisalimia kwa heshima."

"Kwa sababu hajajua ni wewe," Shangazi alisema.

Kaka akacheka peke yake, kisha akaona uso wa dada yake. "Basi, mdogo wangu. Pole. Njoo ule."

Hakula. Alipotafuta kitambaa cha kufutia pua mkobani, vidole vyake vikagusa ukanda mwembamba wenye vumbi la chaki, masalio ya kile kitambaa cha usaili. Lazima aliutia humo bila kujua, alipokuwa akifuta meza. Akaukimbiza dirishani kabla mwanga haujaisha. Upande mmoja ulikuwa laini. Mwingine ulikuwa na mistari midogo iliyolala mshazari. Hata hivyo akampa shangazi, labda macho yake mwenyewe yanamdanganya. Shangazi hakuutazama, aliupitisha tu chini ya dole gumba.

"Una uso," alisema taratibu.

"Kesho asubuhi wanakuja waombaji wa kazi ya kushona," Kimya alisema. "Msimamizi alituambia. Watapewa vile tulivyokata sisi."

Shangazi akamwelewa. Kuna mtu kesho angekaa mbele ya cherehani asiyoizoea, akishona na kufumua, mkono wa kushoto ukikataa kukaa begani, jasho likimtoka, akidhani kosa ni lake.

"Ukimwambia msimamizi, kazi huna," Shangazi alisema. "Nakuambia mapema ili usije ukasema sikukuambia."

"Najua."

"Nami nilitaka ukipata mshahara niiache cherehani hii mwisho wa mwaka."

"Najua, shangazi." Na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Asubuhi, kabla ya saa mbili, alipiga ile namba waliyopewa ya kuulizia matokeo. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi. Simu ilipopokelewa, hakuitazama tena.

"Shikamoo mama. Mimi ni namba kumi na saba wa jana, wa kukata. Mikono yangu yote ni ya kulia. Tafadhali asipewe mtu."

Akasikia karatasi zikifunuliwa, kiti kikisogezwa, kisha fungu likifunguliwa.

"Ni kweli," msimamizi alisema. "Nilikuwa nimeshaifunga kwenye fungu. Mbona umepiga?"

"Kwa sababu ya atakayeshona."

Msimamizi akashusha pumzi, pumzi ya mtu ambaye siku yake imeanza vibaya mapema. "Kwenye meza ya kukata sikuweki, binti. Pale mkasi ukishapita, umekata mashati mia kwa pamoja."

"Naelewa, mama."

"Meza ya ukaguzi ina kiti kitupu. Kukata nyuzi zilizobaki na kutazama makosa ya wenzako kutwa nzima. Kazi inachosha macho, na mwezi wa kwanza ni wa majaribio. Unaitaka?"

"Naitaka."

"Jumatatu, saa moja. Usichelewe."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine.

"Wamesemaje?"

"Nitakata nyuzi."

"Na cheti chako chote kile?"

"Na cheti changu."

Shangazi akafikiri, kisha akaguna kama mtu aliyepunjwa sokoni lakini bidhaa ameipenda. Akamnyooshea sindano. Kimya akaitunga mara ya kwanza, akamrudishia, akaegemeza kichwa kwenye meza ya cherehani. Blauzi ilikuwa bado nje kwenye kamba, imeshalowa umande. Alitaka kuinuka aitoe. Usingizi ukamwahi.