Karatasi ya Ndege Jike

…dedi, dedi, hata huyu wakili analitamka akitabasamu, na kalamu iko mkononi mwa Mama Généreuse, ncha yake haijagusa karatasi, loo, watu wa nchi hii wanakutangazia kifo huku wakikukaribisha peremende, maana wiki mbili sasa, tangu Kethia alipompigia simu akasema mama, lazima u-sign Lady Bird deed ya nyumba, yeye alisikia neno moja tu, dead, mfu, neno analolijua kuliko mengi ya Kiingereza kwa sababu ya kazi yake ya kuogesha na kulisha wazee, ndege jike aliyekufa, basi ndege ni mimi, binti wa tumbo langu ananichulia kifo, na kwao Fizi nani angethubutu kutaja urithi wa mtu anayepumua… na karatasi pia, karatasi anazijua, baba yake alichovya kidole gumba kwenye wino mbele ya chifu, akaambiwa hii ni ya kulinda shamba, mvua za kwanza zikakuta watu wengine wanalima humo, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo mwacheni ashtuke… Kethia anasema kitu, Kiswahili chake kinachechemea, maskini, kimelelewa na shule za Dallas, “Mama, anasema ukiwa mzima, nyumba ni yako. Unaweza kuuza. Unaweza kunifukuza hata mimi,” hata wewe? anauliza mama, “hata mimi, bila kuniuliza,” na ukibadili mawazo unaandika nyingine, hii inakufa, kumbe kinachoweza kufa ni karatasi yenyewe… na siku ukishindwa kujiinua, ukalazwa kwenye makao ya wazee, serikali ikakulipia kitanda, basi ukishafariki isije ikadai nyumba ile kufidia gharama zake, iwe imeshapita kwa mtoto, hapo Généreuse anamkumbuka mzee Lenny wa chumba cha mwisho kazini, kila alasiri anamshika mkono na kumuuliza ufunguo wangu uko wapi, naye humjibu uko salama, baba, ilhali mlango wenyewe una wenyewe wapya, Mungu amsamehe uongo ule… wakili Dorothea anaweka kidole juu ya kichwa cha habari, anasoma polepole herufi moja moja, na Généreuse anaona, e mbili, e na e zimebanana pamoja kama yeye na dada yake kwenye mkeka mmoja wa kambi ya wakimbizi, dead haina e mbili, hili ni deed, hati tu ya nyumba, ameliona mara ngapi kwenye mafaili, mama yangu weee, wiki mbili amemnunia mtoto kwa ajili ya herufi, amemnyima hata sombe, kisamvu cha Jumapili, na mtoto anaacha kazi yake, anampeleka kwa wakili, anamtafutia namna ya kukaa kwake mpaka pumzi ya mwisho… anataka kucheka, maana huu ni muujiza, tena muujiza mkubwa ulioandikwa kwa wino mweusi wa kawaida, mwanamke aliyelala chini ya turubai miaka kumi na moja, kisha kwenye ghorofa za Vickery Meadow ambako kila mwaka mwenye nyumba aliwaletea barua ya kupandisha kodi, leo ana mlango Carrollton na mchicha wa lengalenga nyuma ya jiko, na karatasi inasema hapa, huyu, siku zote za uhai wake… wakili anauliza tena kama ameelewa anachosaini, Kethia anafungua mdomo atafsiri, kalamu bado iko hewani palepale, si kwa woga, ni macho tu hayajashiba, kadi ya kambi, barua ya safari, barua ya kodi, zote zilikuwa na jina lake na zote zilimwambia aondoke, hii ni ya kwanza inayomwambia akae.

“Ngoja, mama,” anamwambia binti yake, akimwita mama kama alivyombembeleza utotoni, “acha niitazame kwanza.”