Siku Mashine ya Thiong Ilipozima

Mwalimu Lokaale alikuwa na neno moja la Kiingereza kwa kila kitu asichotaka kusikia. Watoto wa jirani, noise. Kwaya ya Jumapili, noise yenye vigelegele. Lakini noise yenyewe hasa ilikuwa mashine ya posho ya Thiong, hapo Kakuma, ambayo ndiyo iliyolisha nyumba ya Thiong.

"Nikifika Lodwar nakushtaki kaunti. Watakufungia."

"Mwalimu, lete mahindi kwanza," Thiong humjibu, "ndio tugombane ukiwa umeshiba."

Alasiri hiyo waliingia vijana wawili wenye panga. Wakafunga mlango wa mabati, wakataka simu na mauzo. Thiong akapiga nduru. Yule mrefu akacheka tu, maana mashine ilinguruma na nje hakuna ambaye angemsikia. Bapa la panga likamng'oa meno, makali yakampasua bega. Thiong akaangukia injini, na kwa mkono uliobaki na nguvu akavuta waya wa kukatia mafuta.

Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

Sokoni hakuna aliyeinua kichwa, isipokuwa adui wa mashine. Mwalimu alikuja mbio, mkononi kigoda chake anachotembea nacho kila mahali, tayari kutoa pongezi.

"Ejok, vizuri sana, Thiong. Leo umekuwa mtu mzima."

Akasukuma mlango, akaona damu. Kigoda kikatua kwenye pua ya yule mrefu, kikarudi, kikarudi tena, mpaka mguu ukavunjika. Wa kigoda. Mwenzake akatoroka. Sasa nduru ya Mwalimu ilisikika mpaka barabarani, na umati ukaja, ukamburuta kijana nje. Mawe, rungu, mateke. Mtu akaleta tairi. Kijana akawa anamwita mama yake.

"Washa mashine," Mwalimu akasema. "Watoto wanasikia hiyo noise."

Thiong akatema damu.

"Mimi nimelia hapa, hakuna aliyenisikia. Huyo wacha asikike."

Akachomoa hendeli ya kuwashia injini, akapepesuka nayo nje, akasimama mbele ya kijana akiwa ameiinua kuelekea umati. Aliyekuwa na tairi akamwambia, "Si huyu ndiye amekukata, wewe mjinga?"

"Ndiye. Basi ni wangu. Rudi nyuma."

Mwalimu akaja kusimama kando yake, na kigoda chake kisicho na mguu. Jiwe likampiga kifuani. Akakohoa kama ile mashine, lakini hakuanguka.

Jiwe la pili halikuja.