Barua Iliyonyang'anywa Bigwa

Mikidadi hakuwa na blanketi. Hakuwa na koti, wala fimbo ya kupandia mlima, wala viatu visivyoteleza. Hakuwa na baba. Mzee Salum, Mnyamwezi aliyekuja Tanga kubeba mizigo akaoa na kubaki, alifariki mwanawe akiwa bado anatambaa. Hakuwa na kaka wala dada. Hakujua neno hata moja la Kiluguru. Na kwa kuwa alilelewa na bibi mzaa mama, katika nyumba ya watu wa heshima nyingi na maneno machache, katika miaka yake yote kumi na saba hakuwahi kusimangwa na mtu mzima kwa mzaha. Hilo la mwisho ndilo lililotaka kumponza.

Alichokuwa nacho ni kofia ya viua aliyoshonewa na mama yake, Mwaisha, mwandiko mzuri, na nafasi ambayo wenzake wote darasani waliitamani.

Mwaka ule wa 1912, enzi ya Mjerumani, shule yake ya Tanga ilipatana na shule moja ya misheni katika milima ya Uluguru kubadilishana wanafunzi. Mikidadi apande milimani ajifunze useremala. Gabrieli, kijana wa kijiji cha Kibwaga, ashuke Tanga ajifunze kupanga herufi katika mtambo wa kuchapa. Kila mmoja alale kitanda cha mwenzake na ale chungu cha mama wa mwenzake, mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja, na Mwalimu Mkuu alilirudia mara mbili: mmoja akirudi kabla ya mwaka kwisha, na wa pili atarudishwa, na mpango utafungwa.

Mikidadi alisafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha gari moshi. Kichwa chake kilikuwa nje ya dirisha njia nzima, hata macho yakajaa vumbi la makaa. Baada ya Mikese aliona weusi mrefu mbele akadhani mvua inakuja. Abiria mmoja akamwambia, "Hiyo si mvua. Hiyo ndiyo Uluguru." Moyo wake ukaruka.

Aliyempokea stesheni ya Morogoro alikuwa Mzee Dominiko, mtu mfupi mwenye ndevu za mbuzi na miguu kama mizizi. Huyu ndiye mjomba wake Gabrieli. Baba yake Gabrieli alikuwapo, lakini kwa Waluguru neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba, na Dominiko ndiye aliyeamua kijana aende pwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watu gani ninyi, kwa baba?"

"Baba alikuwa Mnyamwezi."

Dominiko alikuwa amekwisha kuinua sanduku la mgeni. Akaliweka chini polepole. "Mnyamwezi? Basi beba mwenyewe. Nani aliona wapi Mluguru akimchukulia Mnyamwezi mzigo?"

Wapagazi wa stesheni wakacheka. Mikidadi akajitwika sanduku, uso ukiwaka. Walipopita Bigwa na njia ikaanza kusimama wima, mzee akawa anageuka kila baada ya hatua chache kumtazama anavyohema. "Babu zako walibeba pembe mpaka baharini. Wewe kisanduku cha nguo kinakushinda? Labda ulibadilishwa kwa mkunga."

Mikidadi hakujibu. Kwao mzee hajibiwi.

Nyumbani Mama Anastasia, dada yake Dominiko, alimpokea vingine. Alimpa blanketi la Gabrieli, akamchemshia maji, kisha akamletea jogoo na kisu. "Wewe Mwislamu," alisema, "na sisi Wakristo. Tangu leo kila kuku wa nyumba hii utachinja wewe, ili tule sote chungu kimoja." Mikidadi alipokea kisu kwa mikono miwili. Hakutegemea kwamba kitu alichokihofia tangu Tanga kingemalizika kabla hajaketi.

Siku zilizofuata hakuwa na nafasi ya kuhuzunika. Asubuhi aliamka akaona mawingu yako chini yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba jambo hilo linawezekana. Alionja viazi vya kizungu vilivyochimbuliwa muda huo huo. Alijifunza kupiga randa mpaka ubao ukawa laini kama shavu la mtoto, na siku alipounga miguu minne ya kigoda ikasimama bila kuyumba, alikikalia mara kumi. Kila majuma mawili barua ya Gabrieli ilifika, naye ndiye aliyemsomea Mama Anastasia: Gabrieli ameona papa, Gabrieli amechapa jina la mama yake kwa herufi kubwa, hili hapa. Mama alikitia kile kipande cha karatasi ndani ya sanduku la nguo za kanisani.

Lakini Dominiko hakumpa nafasi, na kijiji kizima kilimfuata. Wanawake kisimani walimuuliza kama Wanyamwezi wanaoga au wanangoja mvua. Siku moja Dominiko alimvua kofia ya viua mbele ya watu, akaivaa, akatembea nayo mpaka jioni akijiita sultani wa Tabora. Mikidadi alikaa kimya na kuweka moyoni.

Mwezi wake wa kumi kijijini akashikwa na homa ya kifua. Alilala siku sita hajui mchana wala usiku. Siku ya saba alifumbua macho, mwepesi kama unyoya, akasikia kelele uani. Mlango ukafunguliwa. Dominiko akaingia na jembe begani, nyuma yake wanawake watatu wamebeba mkeka.

"Tumekuja kuzika Mnyamwezi," Dominiko alisema. Akainama, akamtazama puani. "Ala, bado anapumua. Sasa huyu anatupotezea siku. Nimeacha maharage yangu shambani."

"Mwambie afanye haraka," mwanamke mmoja alisema. "Mkeka wenyewe wa kuazima."

Walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Mikidadi alijifunika blanketi mpaka kichwani.

Walipoondoka akaomba karatasi. Mkono ulikuwa mnyonge lakini mwandiko ulikuwa mzuri kama kawaida. Alimwandikia Mwalimu Mkuu kwamba watu wa Kibwaga wanamchukia, wanamwombea kufa, wamekuja na jembe kumzika angali hai, naye anaomba arudishwe kwao. Alfajiri, Yohana, tarishi wa posta, alipopita kukusanya barua, Mikidadi akampa kwa mkono wake.

Jua lilikuwa halijapanda sana Mama Anastasia alipoingia na bakuli la uji wenye asali. "Kunywa. Asali hii amekuletea mjomba. Na zile dawa ulizokuwa unakunywa, alizifuata msituni siku mbili, akarudi miguu imechubuka."

"Mjomba yupi?"

"Dominiko. Kwani una mwingine?"

Mikidadi aliweka bakuli chini. "Mama, yule alikuja kunizika."

"Ndiyo. Asingekuja yeye angekuja nani? Si mtani wako?" Akaona uso wa kijana haubadiliki. Akaketi. "Mwanangu, huko Tanga hamna watani?"

Ndipo akamweleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Kwamba Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwamba mtani hutukana na hakasirikiwi, hunyang'anya na hashitakiwi. Kwamba siku ya msiba kweli, wakati ndugu wamekaa wanalia, mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewachekesha wafiwa wasije wakazama katika huzuni. Kuja na jembe kwa mgonjwa aliyepona ni kumwambia kifo kimeaibika. "Sisi tumekuwa tukistaajabu," alisema. "Mwezi wa kumi huu tunakutania, hujibu hata neno moja. Kaka yangu anaumia. Anasema, huyu mtoto ametukataa."

Mikidadi alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nimeandika barua."

Alipomaliza kumwambia yaliyomo, Mama Anastasia alisimama. Alitazama lile sanduku la nguo za kanisani. "Gabrieli amebakiza miezi miwili," alisema. "Watamrudisha bila cheti."

Dominiko aliitwa kutoka kwenye maharage. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akatazama jua. "Yohana anapumzika Bigwa, mtoni. Ananawa miguu, ndipo anavaa koti la posta aingie mjini. Kabla ya koti ni Mluguru kama mimi. Akishalivaa ni mtu wa Kaizari, hata mama yake hamjui. Unaweza kutembea?"

"Naweza."

"Mwongo. Twende."

Walishuka mlima kama jiwe. Miguu ya Mikidadi, iliyokuwa imelala siku sita, ilikumbuka yenyewe mahali pa kukanyaga. Mwaka ule ilikuwa imejifunza bila kumwambia. Walikata njia katikati ya migomba, wakavuka vijito kwa kurukaruka mawe, ukungu ukabaki juu yao na joto la tambarare likawapanda usoni. Alipoanguka, Dominiko alimwinua kwa ukosi. Alipoketi, Dominiko alimpa maji kwenye kibuyu na kumwambia Wanyamwezi wameoza.

"Kwa nini usichukue barua wewe, mjomba?" Mikidadi aliuliza akihema.

"Mimi na Yohana kabila moja. Nikimnyang'anya ni wizi, nitafungwa. Lakini wewe ni mtani wake. Wewe peke yako ndiye mwenye haki hiyo. Ila ingia kwa mlango wa utani, siyo kwa kilio. Ukimlilia, atakumbuka sheria."

Walimkuta. Yohana alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, mfuko wa ngozi kando yake. Koti lenye vifungo vya shaba lilikuwa limetundikwa kwenye tawi. Alipowaona alitoa mguu mmoja majini na kuanza kuufuta.

Mikidadi alisimama. Alikuwa hajawahi kumtukana mtu mzima maishani. Yohana akafuta mguu wa pili, akanyoosha mkono kwenye tawi.

"Wee Mluguru," Mikidadi alisema.

Mkono wa Yohana ukasimama hewani.

"Unafuta miguu ya nini? Ninyi mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, kwa kutembea ubavuni mwa mlima tangu mzaliwe. Ukifika mjini kwenye ardhi ya sawasawa si utazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa?"

Dominiko akapiga mapaja yake kwa mikono miwili. "Anaongea," alisema. "Mungu wangu, Mnyamwezi anaongea."

Mikidadi alikuwa amekwisha kuufikia mfuko. Akaufungua, akachagua barua yenye mwandiko wake, akairarua mara nne na kuitupa mtoni. Kisha, kwa kuwa sasa damu ilikuwa imechangamka, akachukua koti la posta akalivaa mwenyewe kwa pupa, hata kifungo kimoja kikakatika na kumbakia kiganjani. "Na hili nitarudi nalo Tabora."

Yohana alitazama vipande vikielea. Angeweza kusema mengi juu ya posta na sheria zake. Alijikuna shingo. "Nimevamiwa na mtani," alisema hatimaye. "Nitamshitaki kwa nani? Lakini koti nirudishie, mwanangu, gari moshi haliningoji. Na wewe ulikuwa wapi miezi yote hii? Tulikudhani bubu."

Miezi miwili iliyobaki ilikwenda upesi mno. Mikidadi alitukana kisimani, akatukana karakana, na siku ya mavuno aliiba sufuria ya Dominiko akaificha kwa padri. Mwaka ulipotimia, vijana wawili walikutana stesheni ya Morogoro. Gabrieli alishuka amevaa kanzu, cheti mkononi, akilalamika kwamba hapa pana baridi. Mikidadi alimvika blanketi lake mabegani, akampa na fimbo. Gari lilipoanza kwenda, Dominiko alikimbia sambamba nalo, akaingiza mkono dirishani, akamvua Mikidadi kofia ya viua na kubaki nayo.

Tanga, Mwaisha alimkumbatia mwanawe, kisha akamtazama kichwani. "Kofia yangu iko wapi?"

"Nimenyang'anywa, mama."

"Na nani?"

"Na mjomba wangu. Mtani wangu. Yule yule."

Mama hakuelewa, na ilichukua siku nyingi za kusimulia. Nyumba ilikuwa na heshima ile ile na ukimya ule ule. Watu walimwuliza hali yake kwa upole, naye alijibu kwa upole, akaona kuna kitu kinamwasha ulimini. Siku ya nne alichukua kalamu kumwandikia Dominiko barua. Gabrieli ndiye angeisoma kwa sauti, uani, watu wote wakisikia, kwa hiyo aliandika kwa herufi kubwa:

Mzee Dominiko, shikamoo. Nasikia bado unapumua. Unatupotezea siku. Jembe ninalo, mkeka nimeazima, na mwezi wa sita shule ikifunga nitakuja mwenyewe. Kofia uivae vizuri, ili nijue kichwa cha kuanzia.

Akaikunja, akaitia bahasha, akayeyusha lakiri nyekundu juu yake na kuigandamiza kwa kifungo cha shaba kilichokatika siku ile kwenye koti la posta. Kisha akaipeleka posta mbio, bila kofia, kabla lakiri haijapoa.