Chumba cha Vioo Mteremkoni Ntyuka

Penina alipostaafu hakununua shamba la zabibu kama wenzake wa ofisini, wala hakufungua duka. Alijenga chumba cha vioo.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Thelathini na moja kati ya hiyo aliimalizia katika ofisi ya serikali, akichapa barua na mihtasari ya vikao mbele ya dirisha lililotazama ukuta wa ofisi nyingine. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto walikuwa na miji yao. Nyumba yake ilikuwa Ntyuka, mteremkoni, juu kidogo ya mji wa Dodoma. Nyuma ya nyumba ardhi ilishuka ikaenda zake, tambarare isiyo na haraka, miiba na mawe na vumbi jekundu, mpaka ilikochanganyika na anga upande wa Kongwa. Huko mbali, pasipofikiwa na jicho, ndiko Mlali, alikozaliwa.

"Nataka niione mvua inavyokuja," alimwambia fundi. "Tangu ikiwa uzi mwembamba kule, mpaka inifikie hapa."

Fundi Octavian, ambaye nusu ya maduka ya mjini yalikuwa na vioo vya mkono wake, alikuna kidevu. "Mama, hapa kwetu mvua ni miezi minne. Hiyo minane utaangalia nini?"

"Nitaisubiri."

"Basi kuta ziwe za vioo. Lakini paa la kioo, hapana. Utaiva humo."

Penina akashikilia paa la kioo. Octavian akafanya kama alivyoambiwa, kwa uso wa mtu aliyekwisha kusema lake.

Chumba kilikamilika mwezi wa nane, wakati wa upepo. Kilichomoza nyuma ya nyumba kuelekea mashariki, fremu zake nyeupe za aluminiamu, na ndani kiti kimoja cha kamba na mkeka. Alfajiri Penina aliingia na kikombe cha chai ya maziwa akakaa. Mwanga haukubisha hodi. Ulipanda kutoka tambarare, ukapita katikati ya vioo, ukamkalia magotini. Ndege walitembea juu ya paa na yeye akazitazama nyayo zao kutoka chini, vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Kwa muda wa saa moja hivi hakujua kama yuko ndani au nje, na hakuwa na haja ya kujua.

Mwezi wa kumi jua likaja kudai haki yake. Saa nne asubuhi kitasa cha mlango hakikushikika. Mshumaa aliousahau dirishani ulijikunja ukalala ubavu. Maua ya chunguni yalikauka kwa siku tatu, na mkeka ukaanza kunuka kama nyasi zinazoungua. Jirani yake Debora, mwalimu, alipita uani akacheka. "Jirani, mikate ikiiva utuite!" Penina naye akacheka. Kisha akaingia chumbani kwake, akalala kwenye sakafu baridi, akalia.

Octavian alipoitwa hakusema "nilikuambia." Alishusha vioo vya paa kimoja kimoja, akapiga bati lenye dari nene ya mbao chini yake, akarefusha ukingo wa paa hatua moja na nusu ili jua la mchana lisiguse kuta. Akatoboa nafasi za luva, vibao vya kufungua na kufunga, chini na juu. "Joto litapanda litoke lenyewe," alisema, "na hewa ya chini iingie." Mwisho akasimama akilitazama paa. "Sasa kuna jambo la radi. Hapa tuko mlimani..."

"Weka waya," Penina alimkatiza. "Mnene. Uushushe mpaka kwenye udongo wenye unyevu."

Octavian alimtazama usoni, akaenda kuutafuta waya.

Penina alikuwa na miaka minane siku radi ilipomuua baba yao, Gideoni. Baba alikuwa peke yake shambani kwao Mlali akipalilia uwele, wingu likamkuta huko. Tangu siku ile, anga likinguruma tu, mama yao alikifunika kioo cha kujitazamia kwa khanga, akawakusanya watoto ndani kabisa ya tembe, nyumba yao ya paa la udongo, gizani, mpaka iishe. Na kila mara alisema maneno yaleyale. "Baba yenu aliitwa arudi, akakaidi. Msiwe wakaidi kama baba yenu." Hivyo Penina alizisikia mvua nyingi maishani mwake. Hakuwahi kuiona hata moja ikianza.

Dada yake mkubwa, Ruthu, aliyebaki Mlali akilima, alipopata habari za chumba alipiga simu. "Yaani umejenga mahali pa kukaa kuitazama ile iliyomuua baba?"

"Dada, mvua haikumuua baba."

"Mkaidi," Ruthu alisema. "Kama yeye." Akakata.

Lakini magoti hayajui ugomvi. Mwanzoni mwa Desemba Ruthu alipanda basi kuja kutibiwa, akafikia kwa mdogo wake, maana angefikia wapi. Waliamkiana vizuri, walikula pamoja, walizungumza habari za mbuzi na za kanisa. Mlango wa chumba cha vioo ndio Ruthu aliupita akiwa amegeuza uso, kama mtu apitaye msiba wa adui yake.

Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, upepo ulikoma ghafla. Mbwa wa Debora aliacha kubweka. Penina alikwenda akakaa kwenye kiti chake cha kamba.

Mwanzo ilikuwa uzi, kweli, uzi wa kijivu ulioning'inia mbali kati ya wingu na ardhi. Ukawa pazia. Mbele ya pazia tambarare yote iligeuka rangi ya asali, na kila kichaka kikasimama peke yake, wazi, kana kwamba kimeitwa kwa jina. Wingu lilitembea bila sauti. Lilimeza kilima, likameza barabara, likameza mabati ya nyumba za chini, na mahali lilipofika vumbi lilinyanyuka kwanza kulipokea. Penina aliona hata harufu ikija. Angeapa kwamba aliiona. Hakuogopa. Alijiona mwepesi, kama mtu anayeelea majini amefumba macho, ila yake yalikuwa wazi.

Huko chumba cha kulala Ruthu alikuwa akikifunika kioo cha meza kwa khanga. "Penina! Njoo huku ndani!"

Radi ya kwanza ilisimama juu ya tambarare, mti mweupe wenye mizizi. Kisha mvua ikafika, na ndani ya mvua kulikuwa na mawe. Yalipiga bati kwa kishindo kilichofuta sauti nyingine zote. Ruthu akatokea mlangoni, khanga kichwani, mdomo ukisema maneno yasiyosikika. Penina hakuinuka kwenye kiti. Basi Ruthu, aliyekuwa hajakanyaga sakafu ile, akaingia kwa magoti yake mabovu, akamshika mkono amvute.

Hapo jiwe likapiga kioo cha kushoto. Hakikuanguka. Ufa ulianza kama unywele, ukashuka polepole, ukagawanyika mara mbili, ukatulia. Anga likawaka tena, nao wakaiona nchi nzima nyeupe mpaka upande wa Mlali. Ruthu hakuvuta tena. Aliketi chini pale pale kwenye mkeka, mkono wa Penina ukiwa bado mkononi mwake.

Mawe yalipopungua yakabaki maji matupu, alisema, "Hakukaidi."

"Nani?"

"Baba." Ruthu alikuwa akiongea na kioo, si na mdogo wake. "Mama alinituma na kibuyu cha maji nikamwite. Nilifika kwenye ule mbuyu, nikaliona wingu. Nikaogopa, Penina. Nikamwaga maji nikarudi. Nikamwambia mama, amesema anakuja."

Mvua ilitiririka kiooni. Penina aliitafuta hasira yake ndani, mahali ambapo ingepaswa kuwa, asiione. Alichokiona ni mtu na jembe katikati ya uwele, amepinda mgongo, hakuna aliyemwita. Miaka arobaini na tisa nyumba nzima ilimhukumu kwa ukaidi. Na alikuwa analima tu.

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili, dada."

"Miaka yangu naijua."

"Angesikia, angerudi?"

"Angerudi mbio," Ruthu alisema, na hapo ndipo alipolia. "Alikuwa mwoga wa radi kuliko sisi sote."

Penina akashuka kwenye kiti akakaa naye chini. Hakumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hakujua kama yamekwisha. Maji yalikuwa yamepenya kwenye ufa yakatengeneza kidimbwi kidogo sakafuni. Penina alichukua khanga iliyoanguka kutoka kichwani mwa dada yake akakifuta kidimbwi, akaikamua mlangoni, akafuta tena. Ruthu naye akashika upande wa pili wa khanga. Walikamua pamoja.

"Na Denis?" Ruthu aliuliza baadaye. Denis ndiye kitindamimba wao. Alikuwa mgongoni mwa mama siku ile, akakua akiambiwa asifanane na baba. "Nani atamwambia?"

"Wewe."

"Utakuwepo?"

"Nitakuja nawe kwenye basi."

Kuelekea magharibi wingu lilipasuka, jua likachungulia chini yake. Kabla giza halijashika vizuri, ardhi iliyolowa ikaanza kutoa kumbikumbi. Walitoka matunduni kama moshi, mabawa mengi membamba, wakapanda hewani. Ruthu aliinuka kwa kushika fremu ya mlango, akawasha taa ya chumba cha vioo, akaomba beseni lenye maji, akatoka nalo nje kwenye manyunyu.

Penina alibaki ndani. Walikuja kwa maelfu, wakagonga kioo kwa sauti ndogo kama ya mchanga, wakateleza, wakaangukia majini. Kupitia katikati ya mabawa aliuona uso wa dada yake, umelowa, umeinama juu ya beseni, midomo ikicheza. Alikuwa akisema kitu. Penina alifungua luva za chini akainama kusikiliza.

"Nimesema lete beseni lingine," Ruthu alisema. "Na chumvi iko wapi humu kwako?"