Nondo wa Mawphyrnai

...na jina halibadiliki, anasema Ibanri, binti wa dada yake, hata kama mahali penyewe palikosewa, jina likishachapishwa limechapishwa, sheria yetu wataalamu wa wadudu ndiyo hiyo Mjomba, na mzee Drolsing amekaa mezani, kalamu mkononi, karatasi mbele yake, anaitikia kwa kichwa kama anayesikia habari za watu wengine, Eterusia mawphyrnaiensis, nondo wa mchana, mabawa meusi yenye mstari wa manjano, amepatikana mara moja tu, tarehe 9 Mei 1953, kilima cha Mawphyrnai, milima ya Khasi, India, na lebo iliyo chini ya pini ni mwandiko wake mwenyewe, wino mweusi, herufi wima za shule ya misheni, Bwana Hartnoll, mkusanyaji wadudu aliyemwajiri, alikuwa akimwambia, Drolsing, wewe hukosei jina la mahali, lebo andika wewe... "Miaka mitatu tunapanda Mawphyrnai na nyavu, hatujaona hata bawa," Ibanri anasema, "ukitia sahihi kwamba ni pale pale, Mjomba, tunamwandika ametoweka," ametoweka, neno zito kwa mdudu ambaye hakuwahi kufika huko, Mawphyrnai kulikuwa na soko na njia ya nyumbu, basi, yeye alimkamata ng'ambo ya kijito, ndani ya Law Rynsan, msitu wa ukoo wa mama yake, msitu usiotolewa kitu, hata jani kavu likinasa kwenye kiatu hurudishwa, anayetoa kitu huugua au hufa, na wavu aliuacha nje kwa heshima, heshima gani, akamfunika nondo kwa viganja, akamtia ndani ya kiberiti, akatoka akipiga mluzi, na kwenye lebo akaandika Mawphyrnai... "Kaka, hiyo ni sahihi au barua ya posa?" anauliza dada yake Thrina kutoka jikoni, tambuu shavuni, yeye ndiye kitindamimba, na kwa Wakhasi binti wa mwisho ndiye mrithi, kwa hiyo nyumba ni yake na mambo ya ukoo ni yake, mwezi ule mama yao aliumwa goti, likapona, hakuna aliyekufa, msitu haukumdai chochote... "Lakini unakumbuka vizuri, Mjomba?" nakumbuka, ndiyo shida, na akiutaja msitu Ibanri hataingia na wavu, amelelewa hapa, atakaa ukingoni na darubini saa sita mchana, na mdudu ataandikwa yu hai, akiwa na jina la kilima kisicho chake, hilo halirekebishiki tena, lakini lile neno ametoweka bado halijachapishwa... "Nakumbuka," anasema, Ibanri anasubiri, wino haujagusa karatasi, na anaona wazi kwamba miaka yote hii hakuuogopa msitu, aliuogopa uso wa Thrina, na kwamba habari hii haiwezi kuanzia kwa mtoto huku mama yake, mwenye nyumba, yuko jikoni, anamsikia Thrina akipanga vikombe kwenye sinia, vitatu, anakuja, na yeye anangoja aitue kwanza, maana neno kama hili mtu haambiwi akiwa ameshika chai ya moto.