Ubongo wa Achola Uliolazwa Kiseke

Achola alipanda bodaboda asubuhi hiyo akiwa amepakata chupa ya chai iliyojaa uji, na dereva alipomuuliza anakwenda kumwona mgonjwa gani huko Kiseke, akajibu kwamba anakwenda kujiona mwenyewe. Dereva akatia gia. Vijana wote wa pikipiki pale mwalo wa Nyakaboja, ziwani wanakoshushia dagaa, wanamjua mama huyo: ukimuuliza swali moja unajibiwa matano, na katika hayo matano mawili ni matusi.

Na wala hakuwa anatania. Miezi minane nyuma alikuja mwaloni dada mmoja wa maabara ya Kiseke, Teodora, mzaliwa wa Misungwi, na kiboksi chake cha barafu mkononi. Aliomba vitu viwili: kidogo ya ile dawa wanayopulizia dagaa ili nzi wasitue, na mtu mmoja wa kujitolea damu. Akaeleza kwamba siku hizi wanaweza kuzirudisha seli za damu utotoni, halafu wakazilea upya mpaka zikawa seli za ubongo, changa kama za mtoto aliye tumboni. Zikishakua wanazitilia dawa, wanaangalia zinafanyaje. Wanawake wa kuanika dagaa walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya dagaa wabichi. Achola hakucheka. Alipandisha mkono wa blauzi akasema chukua mwanangu, hiyo damu ninayo nyingi na sina pa kuipeleka.

Kilichomsukuma si elimu, tusidanganyane. Ni Masele. Huyu Masele ni mfanyabiashara wa mwalo wa jirani, mtu wa maneno mengi na dagaa wachache, na alikuwa anapita mjini akitangaza kwamba dagaa wa Nyakaboja wanakaa siku tatu nzi asiwaguse, sasa chakula ambacho nzi anakikataa, binadamu anakitafutia nini? Neno hilo lilimuuma Achola hasa kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake. Akataka karatasi. Karatasi yenye muhuri wa wataalamu, inayosema dawa yake haina neno, aipigilie misumari kwenye nguzo ya mwalo, Masele aje aisome mpaka macho yamtoke.

Mwenyewe hakuwa na shaka hata chembe. Dawa ni ileile ya pamba wanayopiga wakulima huko Misungwi, nusu kifuniko kwenye bomba zima, basi. Tena alishaifanyia uchunguzi wake: alimlisha paka dagaa waliopuliziwa, mwezi mzima, na paka hakufa. Alinenepa, akazaa watoto wanne. Teodora aliposimuliwa habari hiyo aliuliza swali moja tu, kama hao watoto wa paka wana akili sawasawa. Achola akamuuliza paka ana akili gani ya kupimwa. Teodora akasema hiyo ndiyo shida waliyonayo na panya pia, unamsumbua mnyama na vichanga vyake miezi kadhaa, na mwisho wa yote panya si mtu.

Sasa sikiliza sheria za mwalo, maana Achola ndiye mkubwa wa wanawake pale na sheria ni zake. Alikuja kuolewa Mwanza akitokea Rorya, na mimba ya mwanawe Odoyo aliibebea ndoo za dagaa kichwani mpaka mwezi wa nane, huku msimamizi wa enzi hizo, mwanamume aliyeshiba, akimwambia mimba si ugonjwa. Hakuwahi kumsamehe. Siku alipokabidhiwa usimamizi yeye, sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mwenye mimba habebi ndoo, hainami, hashindi juani akigeuza dagaa. Anapewa bomba. Kibomba chenyewe cha mkono, chepesi, anatembea nacho polepole katikati ya chanja za kuanikia, anapuliza, anakaa kivulini, anapuliza tena. Wanawake wa mialo mingine walisikia wakatamani. Msimu huu bomba lilikuwa kwa Precious, mke wa Odoyo, mwenye mimba ya miezi saba, na hata mimba yake ya kwanza alilishika yeye. Mimba hiyo ya kwanza ndiyo Princess, mjukuu pekee wa Achola, ana miaka minne na maneno yake ukiyahesabu hayazidi kumi. Watu wakiuliza, Achola husema mtoto anatunza maneno, maana bibi yake alishayatumia ya ukoo mzima.

Basi Teodora alipopiga simu kusema majibu tayari, Achola alipika uji. Alikuwa amelala akiwaza kwamba sehemu yake imelazwa Kiseke miezi minane na hakuna ndugu aliyekwenda kuiona, na mtu aliyelazwa hatembelewi mikono mitupu. Ndiyo maana ya ile chupa.

Teodora alimpokea mlangoni kwa shikamoo ya heshima, akamvalisha koti jeupe na viatu vya plastiki, na kuhusu uji akamweleza kwa upole kwamba seli zina chakula chao, maji mekundu, yanabadilishwa kila baada ya siku mbili. Achola aliyatazama yale maji akasema chakula cha namna hiyo hakina nguvu, seli zake zitadumaa. Uji ukaishia kwa mlinzi, naye hakulalamika.

Alionyeshwa kisahani cha kwanza, kidogo kuliko kisosi cha kahawa. Chini yake, alielezwa, kuna vijiwaya vyembamba vinavyosikiliza umeme ambao seli zinarushiana, kwa sababu seli za ubongo zinaongea kwa umeme. Kwenye skrini ilitokea mistari mingi. Mistari ikarukaruka, ikatulia, kisha ikaruka yote kwa pamoja, ikatulia, ikaruka tena. Kisahani hiki, Teodora alisema, hakikutiliwa dawa yoyote.

Achola alifurahi kupita kiasi. Alisema anajitambua kabisa, hao ni wambea wa damu, angalia wanavyodakiana. Teodora akacheka, akakiri kwamba hajapata kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Kisha akaleta kisahani cha pili. Hicho kilikuwa na dawa ya Nyakaboja, kidogo sana, kiasi walichokadiria kinaweza kufika kwenye damu ya mtu anayepuliza kila siku. Mistari ililala. Mmoja ulishtuka kidogo huku juu, baadaye mwingine ukashtuka chini kabisa, na hakuna uliomjibu mwenzake.

"Umewaua," alisema Achola.

"Hawajafa, mama. Tumewapima. Wako hai, wanakula vizuri. Ila hawasemezani."

Achola hakukubali kirahisi, yeye si mtu wa kushindwa na kisahani. Alisema chumba kina baridi. Alisema labda hao wa pili walichotwa kwenye damu ya siku aliyokuwa na hasira. Teodora, bila kukasirika, akamletea visahani vingine, akaviweka kimoja baada ya kingine. Wameirudia kazi mara tatu, kila mara visahani kumi na viwili, na aliyekuwa akivisoma hakuambiwa kipi kina dawa na kipi hakina. Vyenye dawa vyote vilikuwa vimenyamaza. Achola akatoa hoja yake ya mwisho, kwamba yeye mwenyewe ameishi na hiyo dawa miaka tisa na mdomo wake hakuna anayeulalamikia kwa uchache. Teodora akasema ni kweli, ubongo wa mtu mzima umeshajengwa, ni ukuta uliokauka, mvua haiuangushi. Hizi seli ni za umri wa mtoto wa tumboni. Huo ukuta bado ni tope.

Halafu akachukua kalamu, maana kulikuwa na fomu ya kujaza, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Pale mwaloni kwenu, mama, kazi ya kupuliza huwa anafanya nani?"

Achola akatafuta kiti, akakaa. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni wenye mimba, na Teodora alikuwa ameandika nusu ya jibu ndipo kalamu ikasimama. Mlinzi huko nje akasikika akikuna chupa kwa kijiko.

Baadaye Achola aliuliza habari za mtoto wa miaka minne asiyesema. Teodora hakumdanganya. Alisema kisahani hakiwezi kusema neno kuhusu mtoto mmoja, watoto huchelewa kwa sababu nyingi, wampeleke apimwe kwanza masikio. Ila bomba, alisema, liwekwe chini leo.

Karatasi yenye muhuri alipewa. Aliikunja akaitia kwenye sidiria, na njia nzima hakumtukana dereva hata mara moja, hadi dereva akamuuliza kama anaumwa.

Precious alikuwa katikati ya chanja, mkono mmoja kiunoni, mwingine unapuliza. Achola alimnyang'anya bomba, akalifunga, akaliweka mbali, kisha akawaita wanawake wote. Walipomwona anatoa karatasi wakaanza vigelegele, wakidhani Masele amekwisha. Aliwaacha wamalize. Halafu akawaeleza yote, kuanzia wale wambea wa kisahani cha kwanza mpaka wale bubu wa kile cha pili, akawaambia kwamba sheria ile ni yeye aliyeitunga na hakuna aliyemshauri. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini yeye alisimama palepale akiwaangalia usoni. Sabina, mwenye watoto watatu, mimba zao zote alizibeba akishika bomba, alikuwa anahesabu kwa vidole na alipomaliza akaanza tena. Mmoja akasema Masele atacheka. Achola akasema acheke, kesho tunatafuta vyandarua vya kufunikia chanja.

Walipotawanyika Precious hakuondoka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono yote miwili tumboni.

"Mama," alisema, "na Princess?"

"Sijui, mwanangu. Hata aliyenisomea visahani hajui. Kesho tunampeleka akapimwe."

Precious akatikisa kichwa taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Wenzangu walinionea wivu mwaka ule," alisema. "Nikawa nawaringia. Nikawaambia mama mkwe wangu ananipenda, ndiyo maana kanipa bomba."

Achola akachuchumaa mbele yake pale mchangani.

"Nilikuwa nakupenda kweli," alisema. "Ningekuwa nakuchukia ningekupa ndoo."